Keyboard ya marehemu mke wangu niliianika juu ya bati

Wakuu, heshima kwenu. Kompyuta sikuisomea. Naandika yaliyonikuta, bila chumvi.

Mke wangu, Mama Kulwa, alikuwa na kibanda cha kuchapa barua na kutoa kopi hapa Ngokolo, Shinyanga. Alipofariki mwaka jana niliacha machimbo ya Geita, nikarudi kukiendesha na binti yetu, Kulwa.

Juzi kati keyboard ikaanza vituko. A haitoki mpaka uigandamize, space bar inanasa.

Nikarestart, wapi. Nikahamisha USB port, vilevile. Nikaichomeka kwenye PC ya jirani, ugonjwa ukahamia huko. Hapo nikajua kompyuta yetu haina kosa.

Kulwa akasema, "Baba, tununue mpya."

Sikutaka. Herufi zilikuwa zimefutika kwa vidole vya mama yake.

Nikafungua skrubu. Ndani nikakuta chembe za matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha, kukata na kukausha. Alizoea kuyatafuna huku anachapa, wateja wakiwa wachache.

Nilikaa nazo kiganjani kitambo.

Kisha nikaiosha yote, nikaianika juu ya bati la jiko, palepale alipokuwa akianika matobolwa yake. Jua la huku mnalijua. Nilipoishusha, ile karatasi ya plastiki ya ndani ilikuwa imejikunja.

Kulwa akaitazama, akacheka mpaka akakaa chini. "Baba! Umesahau kuichemsha kwanza!"

Tangu msiba sikuwahi kumsikia akicheka hivyo. Na mimi nikacheka, machozi yakanitoka.

Fundi wa mjini aliigeuza mara moja tu. "Mzee wangu, hii mwache apumzike."

Tukanunua mpya.

Jana asubuhi nimemkuta Kulwa anachapa barua ya mteja, bakuli la matobolwa pembeni, chembe zinaangukia keyboard mpya. Nikafungua mdomo nimkataze. Nikaishia kuvuta kiti na kuchukua kipande.

Nilichojifunza: ijaribu kwanza kwenye PC nyingine. Isafishe kwa brashi kavu. Ukiiosha, kausha kivulini. Ikigoma, nunua, usijitese.

Ile ya zamani nimeifunga kwenye kanga yake, iko juu ya kabati.

Nanyi wakuu, kifaa cha mpendwa wenu kikifa, huwa mnakiweka wapi?