Mtu wa Saba Kwenye Tanuru la Chokaa

Kama unataka kubisha, bisha sasa kabla sijaanza, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Mimi siyo mtu wa kuona mambo. Wanawake wote waliosemwa kuwa wachawi pale kijijini kwetu nilikuwa nawaombaga chumvi na moto bila wasiwasi. Lakini hili nililiona mchana, jua kali, akili zangu timamu. Nililigusa kwa mkono huu. Na sikuwa peke yangu. Tulikuwepo wengi, ila wenzangu hawapendi kuulizwa.

Sisi tulikuwa na tanuru la chokaa kule Mugango, juu kidogo ya ziwa. Ukipita leo utaona duara la mawe tu, limeota mindulele, mbuzi wanaingia na kutoka. Hilo ndilo. Lilijengwa zamani na watu wa misheni walipokuwa wanajenga kanisa, kanisa likaisha, tanuru likaachwa, nyoka wakahamia. Halafu ikaja ile miaka ya shida. Unaikumbuka, au umesimuliwa? Sabuni hakuna, sukari kwa foleni, saruji ndiyo kabisa, unaisikia redioni. Baba yangu akafyeka majani, akaliwasha lile tanuru upya, na sisi tukawa watu wa maana. Shule inapakwa, chokaa yetu. Mtu anapiga lipu nyumba yake, chokaa yetu. Kaburi linajengwa Musoma, wanakuja Mugango kutuomba sisi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Vijiwe vyeupe tulivichimba kule mbugani, tukavipanga ndani ya tanuru, kuni chini, mawe juu yake, kuni tena, mawe tena, mpaka mdomoni. Linawaka usiku na mchana. Likishazima unaliacha lipoe, siku kadhaa, ndipo mtu anainama anaingia kwa kimlango cha chini kuyabomoa mawe yaliyoiva na kuyasukuma nje. Ukiingia mapema ni hatari. Siyo joto tu. Mawe ya juu yanakuwa bado yameng'ang'aniana, yananing'inia, hayajatulia.

Sasa utajuaje limepoa? Baba alikuwa na kipimo chake: mbuzi. Mbuzi anapenda joto lakini hapendi kuungua. Akipanda juu ya tanuru akalala, ingia. Akipanda akaruka, subiri. Wageni walikuwa wanatuchekaga kwa hilo, na sisi wenyewe tulicheka, lakini tulilifuata.

Kitu kingine ujue ni vumbi. Siku ya kufungua tanuru tulijipaka mafuta mwili mzima ili chokaa isituchome, tukavaa magunia, tukafunga vitambaa puani na mdomoni. Baada ya muda mfupi wote weupe. Humjui mume wako, humjui mtoto wako. Kwa hiyo baba akaweka sheria moja, na hiyo hatukuwahi kuicheka: mawe yakiporomoka, acha kila kitu, hesabu watu.

Baba alipofariki tanuru likaangukia mikononi mwangu, mimi ndiye mkubwa. Mdogo wangu Bwire ndiye aliyekuwa anaingia ndani, kama baba alivyomfundisha. Bwire ni kitinda mimba wetu. Nimembeba mgongoni, nimempangusa kamasi, nimemchapa pia. Alikuwa na tabia moja: ukimkosea hagombani na wewe, ananuna. Anaweza kununa siku nzima, unamwita anakutazama tu. Shika hilo la kununa, litakuja.

Basi, mambo yakabadilika. Ikawa ruksa kuleta bidhaa kutoka nje, maduka yakajaa, malori ya saruji yakawa yanapita kila siku, mengine kutoka Mwanza, mengine kutoka mpakani. Nani atake tena chokaa yetu? Matanuru ya wenzetu yakazima moja moja. Sisi tukabaki na mteja mmoja mkubwa, tajiri wa Bunda aliyekuwa anajenga fremu za maduka kule Kabasa. Yule mtu lori lake lilikuja kabla ya siku tuliyopatana. Dereva akasema nimeambiwa nisirudi mtupu. Kama hakuna chokaa, bosi anachukua saruji, na ndiyo basi tena.

Nikamwambia Bwire aingie.

"Dada, mbuzi hajalala," akasema.

"Kwani mbuzi ndiye mwenye tanuru?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. "Dada, baba alisema..."

"Baba yuko kaburini, lori liko hapa. Kama unaogopa, lete hilo koleo niingie mimi."

Akanitazama. Akafunga kitambaa chake usoni, akainama, akaingia. Ulimi wangu huu! Mama alikuwa ananiambiaga tangu utoto kwamba utakuja kuniponza, nami nikawa namjibu kwa ulimi uleule.

Asubuhi yote kazi ikaenda vizuri. Bwire ndani anabomoa na kusukuma, wenzake wanapokea nje na kurundika. Mara mojamoja anachungulia kupata hewa, mweupe pee, halafu anarudi ndani. Karibu na saa ya chakula nikasikia kishindo. Ardhi ikatikisika, vumbi likatoka mdomoni mwa tanuru na mlangoni kwa pamoja, hatukuonana kabisa. Nikapiga kelele, "Tokeni! Tokeni wote! Simameni nihesabu!"

Vumbi likatulia. Nikahesabu kwa kidole. Wafanyakazi wangu walikuwa saba, na nilihesabu saba. Niliwahesabu mara mbili, niamini. Watu sita pale kwenye rundo, na wa saba amesimama karibu na kile kimlango, ambacho sasa kilikuwa kimezibwa na mawe. Gunia mwilini, kitambaa usoni, mweupe. Nikasema, "Bwire, umeumia?" Kimya. Ananitazama tu. Nikajua amenuna. Moyo wangu ukatua, nikasema asante Mungu, tukae tule.

Nilikuwa nimepika ugali wa muhogo na sato wawili. Kila mtu na sahani yake ya bati, maana mikono ya chokaa haiwezi kuchangia sahani moja. Nikagawa. Yule wa saba hakuja kupokea, nikampelekea mwenyewe, nikamwekea juu ya jiwe miguuni pake, na mkia wa samaki nikampa yeye, kwa sababu Bwire anapenda mkia. Unaona? Hata wakati huo nilikuwa najipendekeza kwake kimyakimya.

Tunakula, tukasikia ko, ko, ko. Kutoka kwenye tanuru.

Magesa, kijana mmoja wa Buswahili aliyekuwa anafanya kazi na sisi, akaacha kutafuna. "Nini hiyo?"

Nani alijibu? Mimi. "Mawe hayo yanapasuka yakipoa. Leo ndiyo siku yako ya kwanza hapa?" Na ni kweli, mawe ya chokaa yakipoa yanalia hivyo. Sikudanganya. Wakaendelea kula.

Yule wa saba hakugusa chakula. Aliinua mkono taratibu, akanyoosha kidole kwenye ule mlango uliozibwa. Akakaa hivyo, mkono hewani, ananitazama mimi. Siyo Magesa, siyo wengine. Mimi.

Nikamwambia, "Najua limeporomoka, nina macho. Ulisema na sikukusikia, haya, umeshinda. Kaa ule."

Mkono haukushuka. Magesa akanong'ona, "Dada, leo umemkosea kweli." Nami nikageuza mgongo, sikutaka kutazamwa vile mbele ya watu.

Ko, ko. Halafu kimya. Halafu ko, moja.

Tukapakia lori kile kilichokuwa kimetoka, mengine tukasema yatangoja yapoe. Mchana kutwa wenzake wanabeba magunia, yeye amesimama palepale mlangoni. Nilimwita mvivu. Nilimwambia kwa sauti, dereva akasikia, kwamba mtu mzima anaringa kama bibi harusi. Unaweza kufikiria kwamba nilisema hayo? Niliyasema, na nyuma ya yale mawe, hatua chache kutoka pale...

Lori likaondoka kwenda Bunda. Jua bado lilikuwa juu ya ziwa. Wanaume wakachukua mafuta, wakajifuta kwanza chokaa, wakashuka majini kuoga. Nikiwa pale juu nikawa nawatazama. Mmoja anafuta uso, ni Magesa. Mwingine anafuta, ni mzee Mafuru. Kila mmoja akawa mtu wake, wakaanza kurushiana maji na kutaniana. Bwire tu ndiye aliyekuwa bado amesimama mlangoni.

Roho ikanisuta. Nikachukua kitambaa na kopo la mafuta, nikamfuata. Nilitaka tupatane kabla hatujafika kwa mama.

"Haya mdogo wangu, yaishe," nikamwambia. "Njoo nikufute, uende ukaoge."

Nikamvua kile kitambaa cha usoni. Nikamfuta shavu, kama nilivyokuwa namfuta alipokuwa mdogo. Kitambaa kikajaa chokaa. Nikakikung'uta, nikafuta tena. Chini ya chokaa palikuwa na chokaa. Nikafuta tena, nikakandamiza, na kidole changu kikazama. Hapakuwa na ngozi. Hapakuwa na mfupa. Lile shavu likaja lote kwenye kitambaa, na chini yake bado kweupe, na lilikuwa baridi, wakati tanuru nyuma yake lilikuwa bado linatoa joto. Na ule mkono, jamani, ule mkono ulikuwa bado umenyooka.

Sijui nilipiga kelele gani. Mafuru anasema waliisikia wakadhani nimeumwa na nyoka. Walipofika walinikuta peke yangu, nimepiga magoti mbele ya mlango, nafukua mawe kwa kucha. Ile sahani ilikuwa juu ya jiwe, ugali umekauka, mkia wa samaki mzima, na vyote vimefunikwa na chokaa. Magesa akawatazama wenzake, nyuso zote safi, akahesabu kwa midomo bila sauti. Sita. Tukafukua wote.

Alikuwa karibu, Bwire wangu. Mawe yalikuwa yamemfunga miguu na kiuno, lakini kifua na mikono vilikuwa huru, na uso wake alikuwa ameuelekeza kwenye upenyo wa mlango. Mkononi alikuwa ameshika jiwe la kugongea. Alikuwa ameshakata roho.

Tulimpeleka kwa mama. Nilifikiri atanipiga, nilitamani anipige. Aliniuliza kitu kimoja tu. "Hukuhesabu?"

"Nilihesabu, mama."

Akatikisa kichwa, akaniacha. Mpaka anakufa hakunisema, na mbele za watu alikuwa ananiteteaga: alihesabu, jamani, mwanangu alihesabu, hesabu ilitimia. Kila aliposema hivyo nilikuwa natoka nje.

Baada ya mazishi mzee Mafuru alinijia. Yeye alibeba mawe kwenye tanuru lilelile akiwa kijana, wakati wa misheni. Akaniambia siku moja mwenzao hakuonekana jioni, mgeni asiye na ndugu pale, wakasema atakuwa amerudi kwao. Hakuna aliyefuatilia. Tanuru likajazwa kuni, likawashwa.

"Kwa nini hukutuambia?" nikamuuliza.

"Mpaka leo nilikuwa naamini alirudi kwao," akasema.

Padri aliombea mahali pale, na hatukuwasha tena. Watu wa Mugango watakuambia saruji ndiyo iliyoua matanuru. Yale mengine, ndiyo. Letu nililiua mimi.

Tangu siku ile sihesabu kwa kidole, hata kuku. Wajukuu wangu wananicheka. Tukikaa kula naita majina, mmoja mmoja, na kila mtu aitike kwa mdomo wake. Asipoitika siweki chakula. Mmoja akinuna, nainuka nilipo, namfuata, namshika uso kwa mikono miwili, mpaka aseme neno. Wanasema bibi amezeeka. Waache waseme, mradi wanasema.

Wewe unayesikiliza, una watu wako. Usiridhike kwamba wametimia. Muite kila mmoja umsikie, na hasa yule uliyemkosea asubuhi. Na ukipita pale kwenye lile duara la mawe, ukikuta mtu mweupe amesimama, usikimbie kama watu wanavyokimbia. Tazama anaonyesha wapi.

Maana nimekaa na hili miaka mingi, nimelipindua kila upande nikitafuta pa kumlaumu yule kiumbe. Nimetaka sana kusema alinidanganya, alijifanya ndugu yangu ili hesabu itimie. Siwezi. Hakuwahi kusema yeye ni Bwire. Alisimama pale mchana kutwa ananionyesha Bwire yuko wapi. Jina nilimpa mimi.