Friji ya Mama Inauma

Kuuliza si ujinga, wanasema. Sawa. Lakini mdogo wangu anauliza kama mtu anavyokohoa. Pikipiki ikikataa kuwaka, hafungui tangi kuangalia kama mafuta yamo, anafungua simu. Yuko kwenye kundi la mafundi wa umeme, watu wa kila upande wa nchi wasiojuana sura, na hao ndio baba na mama yake.

Mimi nafunga paneli za jua hapa Manika. Kazi nilijifunza kwa kusoma karatasi za mashine na kuunguza vidole. Hata siku moja hakuniuliza kitu, maana dada ni dada tu, si kundi.

Mama anakaa naye Kasulo, mtaa mwingine wa mji wetu huu. Ana ugonjwa wa sukari, na dawa yake ya sindano lazima ilale kwenye baridi, ndiyo maana tulimtafutia friji, kuukuu lakini inapoza. Haikupita muda friji ikaanza kuuma watu: ukigusa mlango, umeme unakutembea hadi kwenye kiwiko. Mama akaogopa. Akawa anangoja mtu amfungulie, na mtu asipokuwepo, sindano inapita. Mimi sikuambiwa. Watu wa Kisangani wanajua friji ya mama yangu inauma, mimi wa hapa Manika sijui! Hiyo ni akili gani?

Siku niliyoenda kumtembelea nilimkuta Mama amekaa mbele ya friji, midomo imekauka, ameshika kijiti cha kufungulia mlango.

"Mama, sindano ya asubuhi ulipiga?"

"Aka, mwanangu. Hii kitu inanipiga. Minangojea mudogo yako arudie."

Nilizima umeme, nikafungua, nikampiga sindano yake. Ndipo mdogo wangu, bwana mkubwa, akaingia na ndoo ya maji.

"Yaya, mu groupe banasema iko terre," akaniambia mimi dada yake.

Terre ni ule waya unaotoka kwenye friji hadi kwenye chuma kilichopigiliwa udongoni, ili umeme ukivuja uende chini, usiende kwa mtu. Udongo ukikauka, haupitishi vizuri.

"Banasema nimwange mayi ya chumvi pale kwa chuma. Minamwanga kila siku, yaya. Haisaidie. Nikaandika tena leo asubui, banasema niongeze."

Ushauri wenyewe si mbaya, hata mimi hufanya hivyo wakati wa kiangazi. Nikamfuata nyuma ya nyumba, nikamwambia amwage nione. Akamwaga ndoo nzima. Hapakuwa na dimbwi wala tope. Maji yaliingia, basi. Nikashika kile chuma kwa vidole viwili, kikatoka kama mwiko kwenye uji. Nikadondosha jiwe kwenye tundu lake. Lilikawia kulia, na lilipolia, lililia majini, mbali.

Kasulo wote tunaijua. Watu walichimba madini ya kobalti chini ya vitanda vyao.

"Hapa chini kuna nini?"

Akaangalia viatu vyake. "Tulichimba, yaya. Mbele Mama hayakuya. Shimo ilianzia mu chumba. Tulifunika na mbao, juu tukatia béton."

Kabla Mama hajaja, na chumba chenyewe ndicho anacholala.

"Na kundi uliwaambia?"

"Aka! Bitu ya vile utaandika namna gani mbele ya watu?"

Hapo nikalipuka. Majirani walisikia, na wasikie. Mjinga wewe! Unawauliza watu mia habari za udongo, na udongo haupo! Ulichimba kwa mikono yako, jibu unalikanyaga, halafu unamwagia maji paa la shimo lako, na mama yako amelala juu yake! Wale wa kwenye kundi sikuwakasirikia. Walijibu walichoulizwa. Nani kati yao angeota kwamba kuna mji ambapo unapigilia chuma uwanjani kinatokea hewani? Hilo ni letu.

Akageuka, akanipa mgongo. Nikafikiri yamemwingia. Kumbe kidole kiko kwenye simu. Nikachungulia juu ya bega lake: "Wakubwa, nyumba yenye shimo chini, ikimwagiwa maji, inaweza kusimama muda gani?"

Nikamnyang'anya kabla hajatuma, nikaitia mfukoni mwangu. Nikaingia chumbani, nikasukuma kitanda. Kwenye saruji palikuwa na ufa. Kidole changu kiliingia chote, na hewa iliyotoka humo ilikuwa baridi.

Nilifunga dawa kwenye kitambaa kilicholowa maji, nikamshika Mama mkono.

"Tunaenda wapi?"

"Kwangu, Mama. Sasa hivi."

"Na frigo? Banaitengeneza?"

Nilimvuta tu. Tulikuwa bado mlangoni simu ya mdogo wangu ilipotetemeka mfukoni mwangu, nikaitoa. Mtu wa mbali alikuwa anajibu swali la asubuhi, kwa moyo mzuri kabisa: Ongeza maji, ndugu.