Mama Hashiki Simu

Katika ukoo wao hakuna aliyemwita jina alilopewa na wazazi. Walimwita Idhaa, naye aliitika. Kazi yake ilikuwa kushona mito ya kulalia, mito ya sufi, siyo ile ya sponji inayolala bapa baada ya mwezi na kumwachia mteja shingo iliyopinda. Lakini kwa ndugu zake waliotawanyika huko na huko, mito ilikuwa kazi ya mikono tu. Kazi ya mdomo ndiyo iliyompa cheo.

Kila Jumapili mchana aliegemeza simu kwenye gunia, akabonyeza kitufe cha kurekodi, akaanza kuchambua kokwa za sufi huku akisema. "Haya jamani, kaeni mkao wa kula." Nani kaolewa, nani kaachika hata picha za harusi hazijatundikwa, paa la nani limeezuliwa na upepo na nani kaokota mabati akajifanya hajui ni ya nani. Alitia chumvi, tena kwa kiganja, na hakuna aliyelalamika. Kaka Mkubwa, dereva wa malori nchi ya mbali, alimsikiliza kwenye foleni ya mpakani akacheka peke yake mpaka madereva wengine wakamtazama. Kitinda, mdogo wao wa mwisho, aliyekuwa mlinzi wa ghala la vyakula vya kugandishwa katika nchi nyingine ya baridi, alisikiliza mara ya kwanza kazini na mara ya pili kitandani.

Ukoo huo ulikuwa na mwiko. Habari ya kifo haipewi mtu aliye peke yake. Ulianzia kwa mjomba wao, aliyepigiwa simu akiwa amesimama kwenye kituo cha mafuta ugenini, akaambiwa mkewe hayupo tena. Waliokuwepo walisema alirudisha simu mfukoni taratibu, akashukuru kama mtu aliyeelekezwa njia, akatembea kuelekea barabarani. Hadi leo hajulikani alipo. Tangu hapo, mwenye msiba wa kutangaza humuuliza kwanza mwenzake, "Uko na nani hapo?" Kama yuko na mtu, simu hupewa yule mtu. Kama yuko peke yake, huzungushwa kwa maneno mengine mpaka apatikane wa kukaa naye. Swali lenyewe liliogopwa kiasi kwamba hata anayetaka tu kujua kama mwenzake ana wageni alitafuta namna nyingine ya kuuliza.

Basi mama yao alipofariki, asubuhi, chai yake ikiwa bado inafuka, Idhaa aliwapigia mmoja mmoja. Kaka Mkubwa alikuwa na mkewe. Shangazi alikuwa na mabinti zake. Kitinda hakuwa na mtu. Rafiki waliyekuwa wakipanga chumba pamoja alishahamia mji mwingine, na wenzake wa ghalani hawakuwa na lugha moja naye isipokuwa ile ya makasha na mizani.

"Tafuta mtu," Kaka Mkubwa aliagiza. "Na kabla hujampata, mdomo ufunge. Unanisikia? Mimi sitaki mjomba mwingine."

Wakazika. Idhaa akatafuta. Aliuliza kwa wateja, akauliza kwa wateja wa wateja, kama kuna mwenye ndugu katika mji ule. Hakupata. Jumapili ikafika, na Kitinda akauliza kwenye kundi la familia, "Kifua cha Mama kinaendeleaje?" Kila ndugu akamtegea mwenzake. Idhaa akaandika, "Kimetulia." Ukitazama vizuri, hapo hakusema uongo.

Uongo ulikuja Jumapili iliyofuata, na ulikuja kirahisi, jambo ambalo lilimtisha. Alisema Mama kakataa kuvaa miwani eti inamzeesha. Kisha Mama kamfukuza fundi bomba kwa kuwa kaingia na viatu. Kisha Mama kagombana na jirani yao, Mama Pacha, kwa ajili ya maji machafu yanayotiririkia uani, na mabibi hao hawasemezani. Kitinda alipotaka kuzungumza na Mama, mara alikuwa amelala, mara alikuwa bafuni. Ndugu wengine waliitikia kwa vicheko kwenye kundi, halafu pembeni, mmoja mmoja, wakamwandikia Idhaa maneno ya pole.

Mama wa kwenye simu akawa na nguvu kuliko yule ambaye Idhaa alimuuguza. Idhaa alijikuta katikati ya wiki anapasua foronya na kuwaza, Mama atasemaje kuhusu hili? Alianza kuacha mlango wa chumba cha Mama cha nyuma wazi kidogo, kwa sababu Mama hakupenda joto. Akipita hapo hakutazama ndani. Jioni moja alishika vikombe viwili, akasimama navyo, akakirudisha kimoja kabatini kwa haraka kama aliyefumaniwa.

Siku ya Alhamisi Mama Pacha aliingia bila kubisha hodi, simu mkononi.

"Nasikia mimi na marehemu hatusemezani."

Idhaa aliweka sindano chini.

"Mdogo wako kanitumia ujumbe," Mama Pacha akasema. "Ananiomba msamaha kwa niaba ya mama yake. Eti maji machafu. Eti nimwonee huruma, ni mtu mzima, ana kifua. Mwanangu, mimi ndiye niliyemfumba macho mama yako. Kwa vidole hivi. Umenigombanisha naye akiwa kaburini?"

"Sikujua kama atakutafuta, Mama."

"Ukose kujua vipi, na wewe ndiye unayemwambia nani anasema na nani!" Akakaa juu ya gunia, hasira ikamshuka. "Kwa nini humwambii?"

"Hana mtu wa kukaa naye. Yuko peke yake kule."

"Atapata mtu lini?"

Idhaa akainama kuokota kokwa zilizotawanyika sakafuni.

"Sasa sikiliza. Leo sikumjibu, nilishikwa na butwaa. Lakini akinitumia tena salamu za mama yake, nitamjibu, na mimi sijui kuzungusha maneno. Kabla ya Jumapili awe amesikia kwako."

Usiku huo na uliofuata hakupata usingizi wa maana. Mbele yake alimwona mjomba anarudisha simu mfukoni, na uso ulikuwa wa Kitinda. Akinyamaza, Mama Pacha atamtupia habari hiyo kama jiwe. Akisema, atakuwa ndiye aliyemsukuma barabarani. Jumamosi asubuhi, kwa saa ambayo alijua Kitinda katoka kazini na ameshakula, alipiga moyo konde akampigia.

"Idhaa! Leo Jumamosi, kulikoni? Matangazo ya dharura?"

"Umefunga mlango?"

"Nimefunga. Kuna nini?"

"Kaa kitako."

"Nimekaa kitandani, Dada. Sema."

Aliuliza kwa sauti ambayo haikuwa ya matangazo. "Uko na nani hapo?"

Idhaa alisikia friji ya huko inavyonguruma.

"Usiniulize hivyo, Dada."

"Najua uko peke yako. Nimekutafutia mtu nimekosa. Basi kaa na mimi. Usikate simu, usisimame. Mama hayupo, Kitinda. Hayupo tangu kabla ya mvua. Tumeshamzika."

Alisubiri kilio, au mlango kufunguliwa, au mlio wa simu iliyokatwa. Badala yake mdogo wake akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayerekebisha kosa dogo.

"Haiwezekani. Jumapili nimemsikia."

"Ulinisikia mimi nikisimulia."

"Wewe ulikuwa unasimulia, yeye yuko nyuma yako. Si unajua Mama hashiki simu, anapiga kelele kutoka ndani? 'Mwambie avae soksi mbili.' Wewe ukaendelea na habari zako za fundi bomba. Nikasema huyu Idhaa siku hizi hata hampi mama yake nafasi."

Sufi mkononi mwa Idhaa ilidondoka.

"Jumapili ipi?"

"Zote, Dada. Kila ujumbe. Hasemi mengi. Juzi alisema nimekonda, nikajiuliza kanionea wapi."

Kisha Idhaa akajua kwamba sasa habari imemfikia. Kitinda alilia kama alivyokuwa akilia utotoni, kwa kuzuia, na dada yake akakaa naye humo humo kwenye simu. Hakumwambia nyamaza. Walikaa hivyo mpaka betri ya Idhaa ikaanza kulalamika. Kitinda akasema amechoka, atalala, na haendi popote. "Usiogope, mimi siyo Mjomba. Mimi sikuwa peke yangu."

Alipokata simu, Idhaa aliichomeka kwenye umeme, akakaa sakafuni pale pale penye waya, akaanza kusikiliza jumbe zake zote tangu ule wa kwanza baada ya maziko. Alisikia kokwa zikidondoka kwenye beseni. Alisikia jogoo wa jirani, na kelele ya pikipiki, na sauti yake mwenyewe ikimchezesha Mama kama kikaragosi, na aliona haya kuisikia. Alibandika simu sikioni, akaziba sikio la pili kwa kidole. Hapakuwa na kitu. Wivu ulimshika, wivu mchungu, wala hakujidanganya kuwa ni kitu kingine. Yeye ndiye aliyekuwa akimgeuza Mama ubavu na kumsafisha makohozi. Yeye hakuachiwa hata neno.

Akaenda akaufungua wote ule mlango wa chumba cha nyuma. Kitanda, godoro limekunjwa, mto mmoja ambao hakuwahi kupata ujasiri wa kuufua. Akasimama kizingitini, akabonyeza kitufe cha kurekodi, akanyoosha simu kuelekea ndani bila kusema lolote, mpaka mkono ukamuuma. Akamtumia Kitinda. Chini yake akaandika, "Nisikilizie. Anasema nini?"

Kitinda hakuwa amelala. Alama za kusikilizwa zilitokea, na Idhaa alikisia moyoni kwamba kausikiliza mara ya kwanza na anaurudia. Jibu lilikuja kwa maandishi.

"Leo hakuna mtu, Dada. Nakusikia wewe tu unapumua."

Hapo ndipo alipoelewa alichofanya asubuhi ile. Alikuwa amemuua Mama mara ya pili, na safari hii kwa mkono wake. Kilio kilichokuwa kimekaa kifuani tangu siku ya maziko kikatoka chote, kikapita dirishani mpaka uani.

Mama Pacha alikuja mbio na povu la sabuni mikononi. Alimkuta chini pale kizingitini, akajikunja pembeni yake, akamlaza kichwa pajani. Hakuuliza amekufa nani.