Uzi Mwekundu Penye Doa

Vitabu vya wasifu nilivyosomeshwa ujanani viliwahusu watawala, majemadari na wanavyuoni. Nilivihifadhi ukurasa kwa ukurasa, na hadi leo naweza kutaja nani alifunzwa na nani. Lakini sikumbuki hata kimoja kilichomtaja aliyewafulia nguo waheshimiwa hao. Kwa hiyo, kabla macho yangu hayajaniaga, naandika habari za jirani yangu, mwanamke anayeitwa na kila mtu Mama Suuza, na za siku alipowaambia watu elfu arobaini jambo ambalo mwajiri wake hakutaka waambiwe.

Namjua tangu akibebwa mgongoni. Mama yake, ambaye sasa ni ajuza na wanaishi pamoja mlango unaotazamana na wangu, alifua nguo za nyumba za watu kwa miaka arobaini. Katika ujana wake, mwenye nyumba mmoja alimrushia shuka usoni, akidai kwamba doa lililokuwamo amelitia yeye. Tangu siku ile yule mama akajiwekea utaratibu wake. Nguo iliyokataa kutakata hakuirudisha kimyakimya: alipitisha sindano pembeni mwa doa, akafunga fundo la uzi mwekundu. Wateja wake wote walijua maana yake: nimeliona, nimelisugua, limenishinda. Mimi mwenyewe ninalo shati jeupe lenye fundo hilo chini ya mfuko, palipomwagika wino mwaka nilipokuwa nikinakili kitabu cha mwalimu wangu. Wino umepauka, uzi ungalipo.

Binti alikulia kando ya beseni. Alipofikia umri wa kazi aliajiriwa katika kiwanda kidogo cha sabuni ya mche, mtaa wa pili kutoka kwetu, akawekwa chumba cha majaribio. Kila sabuni mpya ilipoiva, yeye alichukua kipande na vitambaa vinne, kimoja cha mafuta, cha pili cha tope, cha tatu cha chai, cha nne cha jasho, akavifua kwa mikono, kisha akaandika kwenye daftari: imepita, au haijapita. Wenzake waliokuwa na haraka ya kupakia walipomhimiza, alijibu neno moja tu: "Suuza tena." Jina likamganda.

Mambo yalianza alipokuja Meneja wa Masoko, kijana nadhifu, mwenye viatu vya kung'aa, ambaye wafanyakazi walimwita Asilimia kwa sababu hakuwahi kumaliza sentensi bila kuitaja. Sikusudii kumdhalilisha, alikuwa hodari. Aliwakusanya akawaambia:

"Tangazo la ukutani limekufa. Asilimia tisini ya watu wanalipita kama wanavyopita nguzo. Tunataka maudhui shirikishi. Mtu apige kura, atume picha, abishe, atutukane ikibidi, lakini asinyamaze! Anayebishana na wewe hatakusahau tena."

Nilipohadithiwa maneno hayo nilitikisa kichwa kwa kukubali. Hata walimu wetu wa kale hawakumwaga elimu kama maji. Waliuliza, wakangoja wanafunzi wajibu. Ila palikuwa na sharti ambalo Asilimia hakulitaja. Anayeuliza hana budi kulivumilia jibu.

Kampeni ikaitwa "Leta Doa". Watu walituma kiwandani nguo zilizowashinda, picha ya nguo ikawekwa kwenye ukurasa wa kiwanda, na watazamaji wakapiga kura kwa simu zao: litatoka, au halitoki. Kisha kila Jumamosi, saa nne asubuhi, nguo ilifuliwa mubashara. Kwanza walimleta mwigizaji mwenye kucha ndefu. Dakika ya tatu mtu akaandika, "Huyo anafua au anabembeleza?" Mwingine akajibu, "Anaogopa kuliamsha beseni." Jumamosi iliyofuata wakamtoa Mama Suuza chumba cha majaribio.

Hakujipamba. Alikunja mikono, akatia nguo majini, akazungumza na watazamaji kama anavyozungumza nasi uani. "Wewe uliyeandika halitoki, kaa hapohapo, usikimbie." "Dada, hili si doa la mchuzi, umenidanganya, hili ni grisi. Mumeo fundi au wewe ndiye fundi?" Watu wakacheka, wakabishana, wakarudi na ndugu zao. Kwa miezi mitano kila doa lilitoka, maana madoa ya mafuta na tope aliyajua kama anavyojua vidole vyake. Sabuni ile iliyokuwa haijulikani hata na mwenye duka la jirani sasa iliulizwa kwa jina.

Ndipo likaja koti la Muuguzi.

Lilikuwa koti jeupe la kazini, na kuanzia mfukoni hadi kwenye pindo lilimwagikiwa ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda. Pamoja nalo palikuwa na barua fupi: Muuguzi angestaafu mwishoni mwa mwezi, naye alitaka siku ya mwisho alivae koti hilohilo, kwa kuwa ndilo alilolivaa miaka yake yote ya wodi ya watoto. Picha ilipowekwa, kura zikamiminika kuliko wakati wowote. Robo tatu walisema litatoka.

Mama Suuza aliichukua ncha ya pindo siku ya Alhamisi, akaijaribu, akaenda moja kwa moja kwa Meneja.

"Hili halitoki, Meneja. Dawa hii imeingia ndani ya uzi wenyewe. Sabuni yetu haina dawa yake."

"Wameshapiga kura watu elfu ishirini, Mama Suuza. Kesho watakuwa arobaini. Unataka niwaambie nini?"

"Waambie Jumamosi tutaona pamoja."

Meneja akafunga mlango. Kesho yake, Ijumaa asubuhi, alimwonyesha koti jingine, jipya, saizi ileile, alilolitia rangi ya maji ya kuchorea watoto wa shule, zambarau ileile, kuanzia mfukoni hadi pindoni.

"Utafua hili," akasema kwa upole. "Muuguzi atapelekewa koti jipya kabisa, bure. Atafurahi. Watu watafurahi. Niambie, nani ameumia?"

Mama Suuza alilishika lile koti, akalirudisha juu ya meza.

"Atakayeumia simjui jina. Kuna mwanamke huko anayemwuguza mtoto wake, dawa hii itamwagika kwenye shuka, atasugua wiki nzima kwa sabuni yetu kwa kuwa aliniona mimi. Isipotoka hatasema sabuni mbovu, Meneja. Atasema mikono yangu mibovu. Nawajua. Mama yangu aliambiwa hivyohivyo."

"Kesho saa nne," Meneja akasema. "Koti jipya. Au uende ukakate miche."

Jioni ile nilikuwa kibarazani kwao. Nilidhani ajuza angemtia binti yake moyo. Kinyume chake, alimkaripia.

"Fua hilo jipya, mwanangu! Nguo ya mtu si maiti ya kulilia. Dawa zangu za presha zinatoka wapi, mbinguni?"

"Mama, wewe ulifunga uzi."

"Mimi nilikuwa sina meneja! Nilikuwa na beseni na midomo ya watu." Akanigeukia. "Mwalimu, mwambie. Wewe umesoma vitabu."

Nilisema kweli, kwamba vitabu vyangu vingemwunga mkono binti, lakini havitamnunulia dawa. Ajuza akafyonya. "Basi havina kazi."

Mama Suuza aliingia ndani, akafungua kopo la biskuti ambamo mama yake huhifadhi sindano, akatoka na kijiti cha uzi mwekundu.

"Huo uzi ni wangu," ajuza akasema.

"Ndiyo maana nauchukua."

Jumamosi ajuza alikataa kutazama, akasema anaumwa kichwa. Saa nne kasoro dakika tatu nikamwona mlangoni kwangu, ameshajifunga shuka mabegani. "Simu yako ina moto?" akauliza. Tukakaa bega kwa bega.

Mama Suuza alikuwa mezani. Mbele yake palikuwa na beseni, mche wa sabuni, na koti lililotiwa rangi ya watoto, limekunjwa vizuri. Akalisogeza pembeni. Akainama, akatoa kwenye mkoba wake koti la Muuguzi, akalitandaza ili kola yake ionekane, pale palipochakaa.

"Hili ndilo mlilolipigia kura," akasema. "Lile jingine ni jipya, halikutumwa na mtu."

Baadaye nilisimuliwa kwamba Meneja, aliyesimama nyuma ya kamera, alikata shingo yake kwa kiganja mara tatu, ishara kwamba matangazo yazimwe. Mpiga picha, mtu mzima mwenye ndevu na wajukuu wawili, alinong'ona: "Mkono umeganda, bosi," wala hakuugandua.

Alifua kwa dakika arobaini. Alipaka, akasugua kwa ngumi, akasuuza, akainua, akapaka tena. Maoni yalipita mbio kama kumbikumbi: "Linatoka, linatoka!" "Bado." "Ongeza, mama!" Zambarau nzito ikawa zambarau nyepesi, kisha ikagoma hapo. Mara ya tatu alipoliinua, maji yaliyochuruzika yalikuwa meupe kabisa, na doa lilikuwa palepale. Akaliweka juu ya meza.

"Halijatoka. Halitatoka. Sabuni hii ninaipima kila siku kwa mikono hii: mafuta inatoa, tope inatoa, chai na jasho inatoa. Dawa hii haitoi. Ikikushinda nyumbani kwako, si mikono yako. Nimesema mimi, na ninajua kuna ambao hawataki niseme."

Akatunga uzi kwenye sindano, akapenyeza pembeni mwa doa, akafunga. Akawaeleza maana ya fundo na nani aliyelianzisha.

Nilimtazama ajuza. Machozi yalikuwa yakimtiririka, lakini mdomo haukusalimu amri. "Amefunga mkono wa kushoto," akasema. "Litalegea."

Halikulegea. Muuguzi alikuja mwenyewe kulichukua koti, akaligusa lile fundo kwa kidole gumba. "Ungenipa jipya," akamwambia, "ningejiuliza maisha yangu yote langu liko wapi." Alilivaa siku yake ya mwisho likiwa hivyohivyo.

Meneja hakusubiri siku hiyo. "Umetuvua nguo mbele ya watu elfu arobaini," alimwambia Mama Suuza mchana uleule wa Jumamosi.

"Kazi yangu kufua, Meneja. Kuvua mmevua wenyewe."

Jumatatu akawa chumba cha kukatia, anasukuma miche kwenye waya pamoja na wanaoanza kazi. Mwigizaji akarudishwa ukurasani, na kila doa likawa linatoka, tena kwa wepesi wa ajabu. Lakini chini ya picha watu waliandika maneno matatu: "Uzi uko wapi?" Meneja akayafuta. Yakaandikwa tena. Akauliza swali, wapigie kura harufu mpya: ndimu au waridi? Wakajibu: "Uzi uko wapi?" Mtu alituma picha ya suruali yake aliyoifunga uzi mwenyewe, kesho yake wakafuata mamia. Alikuwa ameomba watu wasinyamaze, nao wakamtii.

Wiki ya nne Asilimia aliteremka chumba cha kukatia kwa miguu yake, viatu vyake vikiteleza juu ya vumbi la sabuni.

"Rudi Jumamosi," akasema. "Tena nina wazo. Uzi tuufanye chapa. Tuuchapishe kwenye karatasi ya sabuni. Kila nguo utakayofua, funga uzi, hata ikitakata. Watu wanaupenda uzi, asilimia themanini na..."

"Haufungwi penye usafi."

"Ni alama tu, Mama Suuza!"

"Ni alama ya kushindwa. Ukiufunga kila mahali utakuwa pambo, na mwenye doa la kweli hatajua tena nimemwambia nini." Aliendelea kusukuma mche kwenye waya. "Narudi kwa masharti. Nguo iletwe ileile iliyotumwa. Uzi nafunga mimi, nikishindwa tu. Na hiyo karatasi unayotaka kuichapa, iandikwe kwa herufi za kusomeka: kutu haitoi, dawa ya zambarau haitoi."

"Hilo si tangazo! Hilo ni ungamo!"

"Basi tuungame."

Meneja aliondoka. Hakuna aliyemwambia Mama Suuza aje, wala aliyemwambia asije. Jumamosi alikwenda. Alivuka ua, akaingia chumba cha kamera, akakuta mwigizaji ameshampisha kiti, na mpiga picha ameshawasha taa. Meneja alisimama ukutani, amefumbata mikono. Mama Suuza akakiweka kijiti cha uzi mezani, mbele ya sabuni, si nyuma yake.

Mimi na ajuza tulikuwa bega kwa bega tena. Nguo ilikuwa shati la fundi, grisi kifua kizima, na ukurasa ulijaa shangwe: "Uzi! Uzi! Leo funga uzi!" Wengi walikuwa wamepiga kura kwamba halitoki, kwa hamu tu ya kuliona fundo. Alisugua, akasuuza, akainua shati kwenye mwanga, mbele na nyuma. Lilikuwa jeupe. Wakaendelea kuomba: afunge tu, hata kwa mchezo, fundo moja, kuna ubaya gani?

Akawatazama watu wote wale kama alivyowahi kumtazama Meneja.

"Limetoka," akasema. "Leo hakuna uzi. Mkiutaka, leteni doa litakalonishinda."

Akakiingiza kijiti mfukoni.

"Hapo," ajuza akasema, akijifunga upya shuka yake, "hapo sasa amejua kufua."