Fundi Saa na Sindano ya Saa Moja

Baba yangu ni fundi saa, na katika maisha yake yote hajawahi kufika mahali kwa wakati.

Sisemi hivi kumvunjia heshima. Mwenyewe hulisimulia na kucheka. Siku ya harusi yake alimweka Mama akisubiri mpaka maua aliyoshika yakaanza kulala. Siku niliyozaliwa alifika hospitali akanikuta nimeshaogeshwa, nimevishwa, na nimelala usingizi wa pili. Duka lake ni chumba kimoja chenye dirisha pana la kioo. Ukutani kuna saa thelathini na kitu, na kila moja ina wakati wake. Mteja akiuliza, "Fundi, saa ngapi sasa?" Baba humjibu bila kuinua kichwa, "Chagua."

Nyumbani saa yetu ilikuwa Mama. Yeye ndiye aliyetuamsha, ndiye aliyetuita mezani, na ndiye aliyetukusanya kwa sala ya jioni. Baba alikuwa akiingia tunapofika kwenye "Amina," na aliitamka kwa sauti kubwa kuliko sisi sote, kana kwamba alikuwepo tangu mwanzo.

"Mungu amekusikia, mume wangu," Mama alikuwa akimwambia. "Na majirani wamekusikia."

Mama ametutoka miezi mitano sasa. Ulikuwa ugonjwa wa moyo. Nimemlilia Mungu na bado namlilia, ila sijamnung'unikia. Alimtunza vizuri alipokuwa kwetu, naamini anamtunza vizuri zaidi huko aliko. Ametuachia Biblia yake yenye karatasi ndogo ndogo kila ukurasa, cherehani, na paka mwenye kisukari.

Paka huyu ni dume kubwa la kijivu. Mama alimwita Mkwe, kwa sababu aliingia siku moja bila kubisha hodi, akaenda moja kwa moja kwenye kiti kizuri kuliko vyote, akaketi, akangoja kuletewa. "Huyu amekuja kuposa," Mama alisema. Nami wakati ule nilikuwa sijaolewa, basi utani ukaniganda mwaka mzima. Baba na Mkwe hawakuwa wakipatana. Waliheshimiana kwa mbali, kama wakwe wa kweli.

Mwaka jana Mkwe alianza kunywa maji kupita kiasi. Utamkuta amezamisha uso kwenye ndoo, masikio tu ndiyo yako nje. Alikula sana na bado alikonda mpaka uti wa mgongo ukaonekana. Daktari wa wanyama akampima damu, akasema ni sukari: atachomwa insulini mara mbili kwa siku, kila baada ya saa kumi na mbili, maisha yake yote.

"Mkwe wangu nimchome sindano mimi?" Baba alisema. "Kesho yake nitamtazama vipi usoni?"

Kwa hiyo Mama ndiye aliyechoma, mpaka alipolazwa. Hapo kitandani, siku mbili kabla ya kutuacha, alimwambia Baba, "Mkwe asikose sindano yake. Saa moja asubuhi, saa moja jioni."

Baba akamshika mkono. "Sitachelewa."

Mama alicheka sana, muuguzi akaja mbio kuona kuna nini. Hayo ndiyo mazungumzo yao ya mwisho ambayo Baba hupenda kuyakumbuka. Hakumwahidi Mama kitu kingine chochote.

Basi mtu aliyechelewa kwenye harusi yake akageuka kuwa mtumwa wa saa moja. Alileta nyumbani saa za mlio kumi na moja kutoka dukani, akazitega zote zilie saa moja kasoro dakika tano. Asubuhi ya kwanza jirani alichungulia juu ya ukuta, taulo kiunoni.

"Fundi! Kuna moto?"

"Hakuna moto, jirani. Kuna paka."

Kazi yenyewe aliifanya kwa ustadi, siwezi kumnyima sifa hiyo. Mkono uliozoea skrubu ndogo kama chembe ya mchanga hautetemeki mbele ya sindano. Alikuwa akitoa chupa ya insulini mlangoni mwa friji, anaizungusha taratibu kati ya viganja bila kuitikisa, anabana jichoni kioo cha kukuzia anachotumia kazini, anavuta dawa mpaka kwenye mstari wa pili, kisha anainua ngozi ya shingo ya Mkwe na kuchoma chini yake. Mkwe hakuwa akigeuka hata kutazama.

Mchana Baba alikuwa akienda na Mkwe dukani, na mwenye bucha anayepakana na duka alikuwa amezoea kumrushia vipande vya nyama. Baba akachukua kibati, akakichonga kwa kalamu yake ya kuandikia migongo ya saa, akamfunga shingoni: NINA KISUKARI. NIKIOMBA, NINYIME.

"Sasa Fundi," mwenye bucha akalalamika, "huyu anakuja na barua ya kunikataza, halafu ananitazama kwa macho ya yatima. Nimsikilize nani?"

"Sikiliza barua."

Kosa lilikuwa mahali pengine. Mama aliacha maelezo yote kwenye karatasi mbili zilizobandikwa kwenye friji. Baba aliyapitia mara moja, akachukua kadi ya kufungia saa za wateja, akanakili alichoona ndiyo roho ya jambo: 1:00 asubuhi, 1:00 jioni. Akaitia kadi mfuko wa shati. "Mengine nayajua," aliniambia. Mimi ni karani wa shule, naishi mtaa wa pili kutoka kwake, na kwa aibu nakiri kwamba sikumhoji. Nilikuwa na furaha kuona ana jambo la kuamkia.

Jumanne moja Mkwe aliwekewa bakuli lake, akalinusa, akaenda zake dirishani. Baba akambembeleza. Mkwe akampa mgongo. Zile saa zote kumi na moja zikalia kwa pamoja, na Baba, akiwa na ahadi yake moyoni, akachoma.

Saa tatu simu yangu ya ofisini ikalia.

"Mwanangu," Baba alisema, "Mkwe amelewa."

"Amelewa nini?"

"Sijui! Nimekuja naye dukani kwenye kapu. Ametaka kushuka kwenye meza, miguu ikapishana, ameanguka. Anatetemeka."

"Asubuhi alikula?"

Nilisikia saa zake zikitembea, kila moja na lake.

"Alinusa."

"Baba, kunusa si kula!"

"Lakini saa moja ilifika!"

"Sukari unayo hapo?"

"Ya chai ninayo."

"Koroga na maji kidogo, mpake kwenye ufizi kwa kidole. Sasa hivi."

"Mgonjwa wa sukari nimpe sukari? Unataka kunimalizia paka?"

"Baba, imeshuka mno! Mpe! Nampigia daktari, nakuja."

Nilikimbia na viatu mkononi. Nilimkuta Baba amepiga magoti sakafuni, kioo bado kimebana jichoni, kidole kinywani mwa paka, akisali kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. "Bwana, huyu si wangu, ni wa mke wangu. Niliambiwa nimtunze tu. Niachie, Bwana, niachie huyu mmoja." Mwenye bucha alikuwa mlangoni, kofia yake ya kazi kifuani.

Mara Baba akaruka. "Ameniuma!" Akatazama kidole, damu inachuruzika. "Ameniuma! Asante Mungu, ameniuma!"

Tukampeleka kwa daktari, akamweka chini ya uangalizi mpaka alasiri. Alituambia waziwazi kwamba dawa ile ikiingia na tumbo tupu, sukari hushuka mpaka mnyama anaweza kufa. Baba alirudi amempakata Mkwe njia nzima.

Shangazi alikuwa akitungoja nyumbani. Ni dada mkubwa wa Baba, mwanamke wa maneno machache na yote mazito. Habari zilikuwa zimeshamfikia, na alikuja na kapu lake la sokoni, tupu.

"Mdogo wangu," alisema, "paka huyu utamuua. Na ukimuua, wewe mwenyewe utamfuata kwa majuto, nami sina nguvu ya msiba wa pili. Mpe binti yako. Kapu hili hapa."

Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshalishika kapu. Niliona Shangazi anasema kweli.

Baba alimweka Mkwe kwenye kile kiti kizuri, akaenda kwenye friji, akabandua karatasi za Mama, akaketi. Akabana kioo chake jichoni, kana kwamba amefungua saa ya thamani, akasoma kwa sauti, mstari kwa mstari.

"Kwanza chakula. Akila nusu ya bakuli au zaidi, ndipo sindano. Asipokula, usimchome, mpigie daktari." Akatikisa kichwa. "Iko hapa. Siku zote imekuwa hapa, na ameipigia mstari." Akageuza ukurasa wa pili. "Chupa isitikiswe. Sindano isirudiwe. Maji yasikosekane." Akafika mwisho kabisa, mwandiko ulipokuwa umelegea kwa ugonjwa. "Baba yenu atachelewa. Msimgombeze. Nusu saa haimuui..."

Hakumaliza. Nikasogea nikamalizia mimi: "Nusu saa haimuui paka. Muhimu ale."

Shangazi akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Huyo mwanamke!" alisema, machozi yakimtiririka. "Huyo mwanamke alikuwa ameshakusamehe kabla hujakosa!" Baba naye akacheka, kioo kikamdondoka jichoni, kikabingirika chini ya kabati, na sote watatu tukapiga magoti kukitafuta. Tukiwa hapo sakafuni Baba akasema, bila kunitazama, "Msinichukulie Mkwe. Nilikuwa nasikiliza saa. Sasa nitamsikiliza mama yako."

Shangazi aliinuka kwa kushika meza. "Mwezi mmoja," akasema. "Daktari akimpima na sukari ikiwa vibaya, Mkwe anahama. Kapu naliacha hapa, ulione."

Lilibaki mlangoni mwezi mzima. Baba alizirudisha dukani zile saa za mlio, akabakiza moja. Kila asubuhi na kila jioni alikaa sakafuni kando ya bakuli, miguu imenyooka, akimsubiri Mkwe ale. Mkwe akikataa, Baba humpashia chakula kidogo kitoe harufu, au humsemesha. Nimewahi kumkuta akimweleza jinsi saa ya mishale inavyofunguliwa, hatua kwa hatua, na Mkwe anatafuna huku anasikiliza. Siku mbili alikataa kabisa, na siku hizo mbili Baba alimpigia daktari kwanza, kama ilivyoandikwa.

Siku ya kipimo tulikwenda wote. Daktari akasoma namba, akafungua karatasi za nyuma, akasoma tena. "Nani anamhudumia huyu?"

Baba akainua mkono kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Endelea hivyo hivyo, Mzee. Sukari imetulia, na ameongezeka uzito."

Tuliporudi Shangazi alichukua kapu lake mlangoni. "Mlikuwa mmeniharibia mwezi mzima wa soko," akasema, akaondoka zake akiimba pambio.

Mimi bado nina tabia ya kupiga simu kila jioni. Jana nilipiga saa moja kamili, haikupokelewa. Nikapiga saa moja na dakika kumi, kimya. Nikaanza kutafuta viatu. Saa moja na dakika ishirini akapokea, sauti ya chini kama mtu aliye ibadani.

"Baba! Unajua ni saa ngapi? Umeshamchoma?"

"Bado."

"Bado? Saa moja imepita!"

"Najua, mwanangu, saa ninayo hapa mkononi. Mkwe bado anakula," akaninong'oneza. "Na mkwe hakimbizwi mezani."