Nilikataza Moshi, Nikapoteza Paa na Mpangaji

Ndugu wasomaji, kosa ni langu, wala sitamtafuta mwenzangu wa kulibeba. Kwa ubishi wangu nilimpoteza mpangaji ambaye sitapata mwingine kama yeye. Leo ninaweza kulicheka jambo hili. Wakati ule, hapana!

Nimefundisha shule miaka mingi, na maisha yangu yote nimeyachukia maneno ya "nasikia" na "wanasema". Mtu akiniletea habari, humuuliza: umeona kwa macho yako? Nilipostaafu nilijenga nyumba ndogo ya makuti hapa Ukunda, nikampangisha mama mmoja mwenyeji wa Mkongani, ambaye nitamwita Mama Rehema. Alikuwa muungwana na msafi, wala hakunipa sababu hata moja ya kulalamika.

Sababu nikaitafuta mwenyewe! Siku moja nilimkuta jikoni akipikia kuni, moshi umepanda hadi juu, na masizi yameanza kuyashika makuti yangu mapya. Nikamwambia kuwa kuanzia siku ile ni gesi tu.

"Shikamoo kwanza, Mwalimu," alisema kwa adabu. "Moshi huu ndio dawa ya makuti. Ukiuondoa, wadudu wataingia."

"Marahaba. Nani kasema?"

"Wazee wote kwetu wasema."

Wanasema! Hapo damu ikanichemka. "Mama, wazee wote si ushahidi."

"Basi nenda ukamwone bibi yangu. Yeye amechakaa, paa lake bado."

Je, nilikwenda? Sikwenda! Mkongani si ng'ambo. Ningefika na kurudi kabla ya adhuhuri. Badala yake nililiandika sharti langu kwenye mkataba, kwa kalamu nyekundu.

Naye akatii. Miezi ikapita, na siku moja nilipopita pale akaniarifu kwamba kuna unga wa manjano unaodondoka kutoka juu hadi ndani ya sahani. Nikamjibu kuwa hilo ni vumbi la barabarani. Hata shingo sikuiinua! Ushahidi ulinidondokea begani, nikaukung'uta, nikaenda zangu kuswali.

Masika ya pili akanipigia simu. "Mwalimu, njoo utazame kwa macho yako."

Nilifika mvua ikinyesha. Alinikaribisha sebuleni, akanipa kiti, na nilipoanza kuufunga mwavuli akanizuia: "Uwache wazi, baba. Humu ndani ndimo utakamokufaa."

Nikaketi chini ya mwavuli ndani ya nyumba yangu mwenyewe! Mvua ilipokatika nikamwita fundi. Alivuta kuti moja, likamvunjikia mkononi kama biskuti, wadudu wakamwagika. Akachungulia jikoni, akauliza, "Kwani nyumba hii haifuki moshi?" Mama Rehema alinitazama, kisha akaenda kuleta ndoo nyingine.

Wiki ile ile akahamia Kinondo. Mimi nikaezeka upya nyumba nzima, kisha nikamfuata kumwomba radhi. Nilimsihi arudi, apike apendavyo, hata magogo ayachome!

"Radhi umepata, Mwalimu," alisema huku akicheka. "Lakini kurudi, hapana. Mwenye nyumba wa hapa nikimwambia paa lavuja, hupanda ngazi."

Nikamuaga, nikarudi zangu Ukunda.

Sasa nyumba haina mtu, na makuti mapya yanataka moshi. Basi kila Jumamosi huenda mwenyewe, nikachuchumaa jikoni na kupuliza makumbi ya nazi hadi machozi yanitoke. Juzi jirani alinichungulia dirishani.

"Mwalimu, wapika nini leo?"

"Sipiki. Ninaifukiza nyumba."

"Lahaula! Umekuwa mganga uzeeni?"

Nilicheka hadi nikapaliwa na moshi.

Wenye nyumba wenzangu, kutoamini uvumi ni jambo jema, nami sijaliacha. Lakini kukataa neno la mtu bila kwenda kulichunguza si elimu. Ni uvivu uliovaa koti. Anayelala chini ya paa lako ana habari zake kuliko wewe unayelipita njiani. Msikilize angali yupo!

Nyumba ingali tupu. Atakayeitaka na aje. Kuni nitampasulia mwenyewe.