Tanzia ya Bi Mwanahamisi na Taa Isiyo na Balbu

Haya niliyaona mchana kweupe, Kilindoni, nikiwa na akili zangu timamu. Wenzangu wa redio wamenicheka vya kutosha. Cheka na wewe, kisha sikiliza.

Studio yetu ina mitambo ya zamani. Mezani zipo swichi mbili zinazofanana kama pacha: moja hupeleka sauti hewani, nyingine huishia chumba cha fundi. Ukumbini, juu ya mlango wa studio, ipo taa nyekundu ya kuonyesha kwamba maikrofoni iko hewani. Balbu yake iliungua, tukaitoa, hatukununua nyingine. Niliamini vidole vyangu.

Saa saba tunasoma tanzia. Visiwani wapo wanaowasha redio kwa ajili hiyo tu. Siku hiyo ndugu walileta ya Bi Mwanahamisi, aliyefariki asubuhi. Maziko baada ya alasiri. Bintiye wa pekee, Zuhura, yuko kisiwa cha Juani, simu yake haipatikani. Asiposikia, mama ataoshwa na mikono ya wengine.

Nikasoma, nikaweka kaswida, nikatoka kupunga upepo. Kwenye benchi la ukumbini ameketi bibi mmoja, miguu peku.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ile tanzia utaisoma lini, mwanangu?"

"Nimeshaisoma."

"Umeusomea ukuta. Taa haijawaka."

Nikacheka. "Taa haina balbu, bibi yangu! Iwake kwa mafuta ya nazi?"

"Cheka huku unarudi. Zuhura kanyoosha mkono azime redio."

Nikarudi kwa hasira. Wallahi, kumbe mwanzo nilikuwa nimewasha swichi ya chumba cha fundi, na fundi alikuwa msikitini. Nani angenisikia? Nikawasha ile nyingine. Papo hapo, kupitia kioo cha mlango, nikaona wekundu wa taa ile isiyo na balbu umetanda ukumbini, na bibi amesimama ndani yake, kiganja kifuani. Nikasoma mara mbili. Nilipoinua macho, ukumbi mtupu.

Jioni hiyo, kabla jeneza halijatoka, nilifika msibani. Zuhura alikuwepo, kanga imelowa hadi magotini.

"Nilishashika kitufe nizime, dada," akaniambia. "Nimemwosha mwenyewe."

Akanifunulia uso wa mama yake niage. Ndiye yule bibi. Unadhani nilipiga kelele? Niliona haya.

Tangu siku hiyo, kila nikisoma tanzia, nampigia mtu wa kisiwa kinachohusika, namuuliza kasikia nini. Fundi hulalamika, mwache.

Nawe ukikabidhiwa habari ya msiba, usiseme umefikisha mpaka mwenyewe akuitikie. Bi Mwanahamisi alipata njia ya kurudi kuuliza. Marehemu wako huenda asipate.